Kabla hujanunua kisafisha umeme cha redio, pima soketi yako kwanza

Mkuu umeuliza kama ununue hicho kiboksi cha kusafisha umeme cha laki saba, kwa sababu amplifaya yako inavuma na ikifika usiku mziki unakosa nguvu, na jamaa wa YouTube kasema alipokichomeka tu besi ikakaza na sauti ya mwimbaji ikaja mbele. Usinunue bado. Mimi nilinunua cha kufanana nacho mwaka juzi, na matatizo yangu yalikuwa haya haya yako, na hakikutatua hata moja.

Tuanze na umeme wenyewe maana hapo ndo watu wengi hawaangalii. Kwetu volti zinatakiwa ziwe 230, ila zinazofika kwenye soketi yako hujui mpaka upime. Mi natumia maltimita, yaani mita ya kupimia volti, ila kama hujazoea kushika zile sindano kuna vile vya kuchomeka kama plagi vinaonyesha volti kwenye kioo, bei yake haiumi na hugusi chochote. Niliandika kwenye daftari wiki nzima: saa 12 asubuhi 234, saa 8 mchana 226, saa 2 usiku mtaa mzima ukiwasha TV na mapasi 189. Hiyo ya usiku ndo jibu la mziki kukosa nguvu. Amplifaya ya transfoma kubwa, ile nzito ambayo ndani haina kitu cha kushikilia volti, umeme ukishuka volti zake za ndani nazo zinashuka kwa kiwango kile kile, na nguvu inaenda kwa mraba wa volti, kwa hiyo toka 230 hadi 189 umepoteza karibu theluthi ya nguvu ya juu kabisa. Ukipandisha sauti besi inapasuka mapema. Sasa nikapima kiboksi changu usiku ule ule, kinaingia 189 kinatoka 188. Kile kinachuja tu, hakipandishi. Cha kupandisha ni stebilaiza. Na kama amplifaya yako ni hizi nyepesi za kisasa zilizoandikwa nyuma 100-240V basi hata 189 haiisumbui, kwa hiyo soma hiyo lebo kwanza.

Kipimo cha pili ndo kilichonishtua. Nikawasha birika la umeme la wati 2000 huku naangalia mita kwenye soketi ya pembeni, 226 ikashuka mpaka 209 papo hapo. Volti 17 kwa ampia kama 8, hizo ni wati zaidi ya 130 zinageuka joto mahali fulani kwenye waya kabla hazijafika kwenye birika. Nikamwita fundi umeme, akazima meni swichi, akafungua bodi ya umeme ya ukutani, skrubu ya niutro (waya wa kurudisha umeme) ikazunguka raundi moja na nusu ndo ikakaza. Gome la waya lilikuwa limesinyaa, shaba imekuwa nyeusi, na ukisogeza pua unasikia harufu ya plastiki iliyoungua. Watoto wanalala chumba kinachopakana na ukuta ule. Akakata kipande kibovu, akafunga upya, birika lile lile likawa linashusha volti 6 tu. Mkuu hili nakuomba ulifanye hata kama huna haja na mziki tena, ila bodi usifungue mwenyewe.

Mvumo nao ulikuwa na chanzo chake. Ule mzito wa "mmmm" ni hezi 50 za umeme wetu, na mara nyingi unaingia pale vifaa viwili vinapokutana kwenye erthi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) kwa njia mbili tofauti. Chomoa kebo ya dishi nyuma ya king'amuzi huku amplifaya inawaka. Kwangu mvumo ulikata hapo hapo, kimya. Nikaweka kitransfoma kidogo cha kutenganisha kwenye waya wa sauti kati ya king'amuzi na amplifaya, elfu 15, mpaka leo kumetulia. Kuna watu watakwambia ukate pini ya erthi kwenye plagi, na kweli mvumo unaisha, ila siku waya wa moto ukigusa kasha la chuma la amplifaya wewe ndo utakuwa erthi. Usithubutu.

Sasa hizo rivyu. Sisemi jamaa anadanganya, maana hata mimi siku ya kwanza niliisikia hiyo besi iliyokaza, ningeapa. Baadae nikamwomba mtoto wa dada yangu arushe sarafu, achomeke amplifaya kwenye kiboksi au moja kwa moja ukutani bila mimi kuona, kila raundi tunazima tunasubiri dakika tunawasha, wimbo ule ule na sauti haiguswi. Raundi 20, nikapatia 11. Kubahatisha tu kungenipa kama 10. Mwaka 1994 watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive waliwapa watu spika wazisikilize, mara wanaziona mara hawazioni, na maksi zilibadilika kwa sababu ya kuona tu. Na baadhi yao walikuwa wasikilizaji wazoefu.

Kwa hiyo ukiangalia rivyu uliza: alijua kinachopiga ni kipi? Alisawazisha sauti kwa mita? Maana kikiwa juu kidogo tu sikio linakiona kizuri zaidi. Na kama ameonyesha grafu, amepima wapi? Wengi wanapima uchafu unaotoka kwenye kiboksi, wakati amplifaya ina uchujaji wake ndani, cha kupima ni kinachotoka kwenye spika. Halafu huyo jamaa wako yuko Marekani, umeme wa volti 120 na hezi 60, hata angepima vizuri vipi asingeijua skrubu ya bodi yako.

Leo saa 2 usiku pima birika likiwa limezimwa halafu likiwa linawaka, weka hizo namba mbili hapa pamoja na kilichoandikwa nyuma ya amplifaya, tukuambie kama ni stebilaiza au ni fundi wa kukaza bodi.