Kabla hujawaruhusu watu kuhariri jedwali palepale kwenye gridi

Karibu kila mteja anayetaka mfumo wa stoo au wa SACCOS hufikia ombi lilelile: "Tunataka tubofye hapohapo kwenye jedwali, tubadilishe, tuendelee." Nawaelewa kabisa. Mtunza stoo mwenye bei hamsini za kurekebisha hawezi kufungua fomu hamsini. Gridi inayoharirika humpunguzia kazi nusu siku, na mimi huipenda kuijenga kwa sababu hiyo.

Ila kwa anayeanza, nasihi yangu ni usianzie kwenye kinachoonekana. Kugeuza seli ikawa sehemu ya kuandikia ni kazi ndogo, na maktaba za JavaScript za kukusaidia ziko tele. Anza kwa kujiuliza: watu wawili wakiushika mstari mmoja kwa wakati mmoja, itakuwaje?

Chukua duka la vifaa vya ujenzi. Muuzaji wa kaunta kafungua ukurasa wa bidhaa tangu asubuhi, na mhasibu aliye ofisini kafungua ukurasa huohuo. Mhasibu anapandisha bei ya mfuko wa saruji kutoka 17,000 hadi 18,500. Baadaye kidogo muuzaji anarekebisha idadi ya mifuko iliyobaki, kwenye mstari uleule. Kama gridi yako hutuma mstari mzima, ile 17,000 ambayo bado iko kwenye skrini ya muuzaji inasafiri pamoja na idadi mpya, na bei ya mhasibu inafutika. Hakuna ujumbe wowote wa hitilafu. Watu wanakuja kushtuka wakati wa kufunga hesabu, na hapo kila mmoja anaapa kwamba yeye hakugusa bei.

Kinga ya kwanza ni kutuma seli iliyobadilika tu. Njia ya PATCH kwenye HTTP (utaratibu wa mawasiliano kati ya kivinjari na seva) iliwekwa kwa kazi kama hii: unapeleka id ya mstari, jina la safu na thamani mpya, basi. Lakini hiyo haitoshi, maana wote wawili wanaweza kugusa bei ileile. Kwa hiyo kila jedwali linaloharirika ulipe safu ya namba nzima, mimi huiita toleo, na kila badiliko lipite hivi:

UPDATE bidhaa SET bei = ?, toleo = toleo + 1 WHERE id = ? AND toleo = ?

Toleo linalolinganishwa ni lile ambalo mtumiaji alipewa ukurasa ulipofunguka. Kama kuna aliyemtangulia, toleo limeshapanda, na hifadhidata itakujibu kwamba mistari iliyoguswa ni 0. Hapo seva irudishe jibu la 409, yaani msimbo wa HTTP wa mgongano, pamoja na thamani iliyopo sasa. Usiishie kuandika "Imeshindikana". Mwonyeshe mtu kwamba bei sasa ni 18,500, yeye alitaka kuweka 17,500, kisha aamue mwenyewe.

Wapo wanaotumia muda wa badiliko la mwisho badala ya namba. Mimi sishauri. Aina ya DATETIME kwenye MySQL, usipoieleza vingine, haihifadhi vipande vya sekunde, hivyo mabadiliko mawili ndani ya sekunde moja yataonekana kuwa kitu kimoja. PostgreSQL nayo huhifadhi hadi sehemu ya milioni ya sekunde, wakati Date ya JavaScript inaishia kwenye sehemu ya elfu. Muda ukienda kwenye kivinjari ukarudi, umeshakatwa mkia, haulingani tena na ulio kwenye jedwali, na kila jaribio la kuhifadhi linakataliwa. Namba nzima haina mambo hayo. Tena, MySQL kwa kawaida huhesabu mistari iliyobadilika kweli: mtu akihifadhi bei ileile iliyokuwapo, utapata 0 ukadhani kuna mgongano. Kwa kuwa toleo linapanda kila mara, tatizo hilo nalo linaondoka.

Kuna jambo lingine ambalo hulioni ukiwa kwenye kompyuta yako mwenyewe, linajitokeza mtandao ukiwa mzito. Mtumiaji anabadilisha bei, anabonyeza Tab, anabadilisha idadi, na jibu la bei bado halijarudi. Ombi la pili linaondoka na toleo la zamani, na mtu anaambiwa amegongana na mwingine, kumbe kagongana na yeye mwenyewe. Panga foleni kwa kila mstari: ombi la pili lisubiri la kwanza lirudi na toleo jipya, ndipo liende. Mistari tofauti iende sambamba, haina neno. Wakati wote huo seli ionyeshe hali yake kwa rangi na alama: inahifadhiwa, imehifadhiwa, imekataliwa. Ikikataliwa, usifute alichoandika mtu. Mwachie aone na arekebishe.

Kutambua mstari, tumia ufunguo wake wa msingi (ile id ya kwenye hifadhidata) daima, kamwe si nafasi yake kwenye skrini. Mtu akipanga upya jedwali kwa jina, mstari wa tatu unakuwa bidhaa nyingine. Na ukishahifadhi, usiupange upya hapohapo. Mstari ukiruka kutoka machoni pa mtu aliye katikati ya kazi, atahariri usio wake.

Thamani zenyewe zina mitego. Mtu akiandika 18,500 nawe ukaipitisha kwenye parseFloat, kazi ya JavaScript inayogeuza maandishi kuwa namba, utapata 18, kwa sababu inasimama kwenye mkato. Namba ya simu ikichukuliwa kama namba ya hesabu inapoteza sifuri ya mbele. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, ilhali JavaScript haina uhakika na namba nzima zaidi ya 9,007,199,254,740,991, ambayo ni tarakimu 16. Tarakimu za mwisho zitabadilika kimyakimya. Namba ya simu na ya NIDA zichukuliwe kama maandishi, kuanzia kwenye hifadhidata hadi kwenye seli.

Upande wa usalama nitasema moja tu kwa mkazo. Alama za kuulizia kwenye SQL hubeba thamani, hazibebi jina la safu. Jina la safu linalotoka kwenye kivinjari lilinganishwe na orodha uliyoiandika mwenyewe kwenye seva, na orodha hiyo itegemee cheo cha mtumiaji. Kuificha safu kwenye skrini hakumzuii mtu kuituma.

Kibodi isisahauliwe, maana wanaoishi ndani ya gridi ni watu waliozoea Excel: F2 kuingia kwenye seli, Esc kutoka bila kubadilisha, Tab kwenda inayofuata. Na seli iwe input ya kawaida, inayotokea pale tu mtu anapoingia. Contenteditable, sifa ya HTML inayoigeuza sehemu ya ukurasa iwe ya kuandikia, hupokea na mapambo yote ya maandishi yaliyonakiliwa kutoka Word.

Mwisho, tengeneza jedwali la kumbukumbu: nani, lini, mstari upi, safu ipi, thamani ya zamani, thamani mpya. Andika humo ndani ya muamala uleule (transaction ya hifadhidata) unaobadilisha bidhaa, ili kimoja kisipite bila kingine. Kisha fungua madirisha mawili ya kivinjari ubavu kwa ubavu, ingia kwa majina mawili tofauti, na uhariri mstari mmoja pande zote mbili, kabla hujamkabidhi mteja.