Barua kwa mwanangu: ile sanamu ya mbele ya chuo chenu

Mwanangu,

Salamu toka Tanga, huku wote wazima, mvua imetususa lakini tupo. Meseji yako niliipata juzi usiku pamoja na picha ya ile sanamu ya hapo Rostock mbele ya chuo, nikaikuza kwenye simu mpaka macho yakauma. Umeniuliza, "Baba, huyu Blücher, jemadari wa Prussia, nimesoma alikuwa Freemason, ndo maana alimpiga Napoleon?" Nikacheka kwanza, halafu nikaona hili sio swali la voisi, acha niandike, maana nimefundisha historia miaka thelathini na huyo mzee nilikuwa namuhadithia darasani hata kama kwenye silabasi hayumo.

Huyo ni mtoto wa mji huo huo unaoishi, kazaliwa Desemba 1742, na wakati huo Ujerumani ilikuwa vipande vipande, Rostock haikuwa ya ufalme wa Prussia, ilikuwa ya Mecklenburg. Kijana kabisa akaingia jeshi la Sweden, kikosi cha wapanda farasi, wakawa wanapigana na Waprussia, mwaka 1760 Waprussia wakamkamata. Badala ya kuozea kifungoni akahamia kwao, kama mchezaji wa Simba anavyotua Yanga, na jezi ndo ikawa hiyo hiyo.

Sasa sikiliza hapa. Jamaa alikuwa mkorofi, mlevi kiasi, na kamari ndo usiseme, leo ungemkuta kwenye kibanda cha kubeti toka asubuhi. Akapitwa cheo, inasemekana kwa sababu alimtisha padri mmoja wa Kipolandi kwa kujifanya anamuua, akakasirika akaandika barua ya kuacha kazi. Mfalme Frederick Mkuu akajibu kwamba Kapteni Blücher aende zake kwa shetani. Hiyo ni 1773. Na huyo mfalme, mwanangu, yeye mwenyewe alikuwa Freemason toka 1738, kabla hata hajakalia kiti. Kwa hiyo mtu aliyemharibia kazi Blücher ndo alikuwa Freemason, Blücher mwenyewe bado.

Akaenda kulima. Karibu miaka kumi na tano analima huko Pomerania, ameoa, ana watoto, na kila mara anamwandikia mfalme kuomba arudishwe, mfalme hataki hata kumsikia. Loji, yaani tawi la Freemason, aliingia akiwa huko huko shambani, 1782, mji wa Stargard ambao leo uko Poland. Kama ingekuwa ile ya mabango ya kwenye nguzo za umeme hapa kwetu, "jiunge leo utajirike", basi mwezi uliofuata angekuwa jenerali. Wapi! Aliendelea na ng'ombe zake mpaka mfalme alipokufa 1786, ndo mwaka uliofuata akarudishwa na cheo cha meja, na umri ulishafika arobaini na kitu.

Loji za Prussia zilikuwa nini hasa? Maafisa wa jeshi, makabaila, mahakimu, wafanyabiashara wanakutana jioni, wana alama zao za waashi, bikari na pembemraba, wana viapo na namna zao za kushikana mikono, siri zipo sikatai, halafu wanakula, wanatoa hotuba, wanachangia wajane. Alipokuwa Münster, miaka ya 1802 mpaka 1806, alikuwa ndo mkuu wa loji ya pale. Basi 1806 hiyo hiyo Napoleon akaifagia Prussia yote, na mkuu wa loji wetu akakimbizwa mpaka karibu na Lübeck, sio mbali sana na hapo ulipo, akajisalimisha tarehe 7 Novemba, na kwenye karatasi ya kujisalimisha akaandika kwa mkono wake kwamba anafanya hivyo kwa sababu hana mkate wala risasi. Hicho kijisentensi mimi nakipenda kuliko ushindi wake wote.

Miaka iliyofuata akaumwa vibaya, mpaka akili. Wellington, jemadari wa Waingereza, alikuja kusimulia kwamba mzee aliwahi kumwambia kwa siri ana mimba ya tembo. Tembo! Na bado ndo huyu huyu aliyepewa jeshi tena 1813, akashinda vita vya Katzbach mwezi wa nane, akashiriki vya Leipzig mwezi wa kumi, usiku wa mwaka mpya akavusha jeshi mto Rhine pale Kaub, machi 1814 wako Paris. Askari wakamwita Marshali Mbele, kwa sababu amri yake ilikuwa moja tu, mbele! Akili ya mipango alikuwa nayo Gneisenau, mnadhimu wake mkuu, na mzee hakuona aibu kulisema hilo. Walipompa digrii ya heshima Oxford alisema kama mimi ni daktari basi Gneisenau mfanyeni mfamasia, maana yeye ndo anatengeneza vidonge.

Halafu Napoleon akarudi, wakakutana vitani Ligny, huko Ubelgiji, tarehe 16 Juni 1815. Miaka 72. Anaongoza wapanda farasi mwenyewe, farasi anapigwa risasi anamwangukia, mzee yuko chini kabanwa, giza linaingia, wapanda farasi wa Kifaransa wanapita pembeni yake, wanarudi, wanapita tena, na msaidizi wake Nostitz amesimama hapo hapo hakimbii. Wangemtambua, stori inaishia hapo. Wakamtoa, wakamchua na vitunguu saumu na pombe kali, na alipomkumbatia yule afisa wa Kiingereza, Hardinge, ambaye siku hiyo alikatwa mkono, akamwambia samahani nanuka kidogo. Siku mbili baadaye yuko juu ya farasi tena kwenye tope toka Wavre kwenda Waterloo kumsaidia Wellington, na hapo ndo Napoleon alipigwa mara ya mwisho.

Inasemwa njiani aliwahimiza askari kwamba amemuahidi ndugu yake Wellington. Hapo ndo watu wa mtandaoni wanaruka, "umeona, ndugu!" Mwanangu, enzi za Mwalimu hapa kila mtu alikuwa ndugu, mpaka karani wa duka la ushirika. Ni kweli Wellington aliingizwa loji moja ya Ireland 1790. Lakini Ney na Murat, majemadari wa Napoleon, nao walikuwa Freemason, na kaka yake Napoleon, Joseph, ndo alikuwa mkuu wa loji za Ufaransa tangu 1804. Sasa Waterloo, Freemason yuko upande huu na Ney yuko upande ule, hiyo nguvu ilimsaidia nani? Kama ni Yanga na Simba wote wameenda kwa mganga mmoja, bado mtu atafungwa.

Hata hapa kwetu marehemu Sir Andy Chande, yule mfanyabiashara, alikuwa Freemason na hakujificha, alihojiwa akasema. Wanaojificha ni wale wa kutuma meseji. Yule jirani yetu wa nyumba ya kona alituma laki tatu za "fomu" kwa namba asiyoijua, mpaka leo simu haipokelewi, na kila nikipita ananiuliza kama mtoto wangu wa Ujerumani anawajua wale wenyewe halisi.

Blücher alikufa 1819 kijijini kwake Silesia, na hiyo sanamu yenu ikasimamishwa mwaka huo huo, kazi ya mchongaji Schadow. Umeipiga picha ya juu tu, ngozi ya simba na upanga. Chini kwenye nguzo kuna michoro ya shaba, mmoja ni ule wa Ligny, mzee yuko chini ya farasi. Ukipita asubuhi kukiwa na mwanga nipigie huo kwa karibu. Na mama yako anauliza lile koti limefika au bado liko posta.

Baba yako