Maswali yenu kuhusu Tim Drake na Jon Kent

Meseji zimekuwa nyingi tangu nigusie habari ya Tim Drake, yule Robin msaidizi wa Batman kwenye komiki za DC, kukubali kutoka na mwanaume, Bernard. Nimechagua chache, nazijibu hapa.

Mkuu, kwa hiyo Superman naye siku hizi anapenda wanaume? Lois kaachwa?

Hapana jamani. Clark Kent, yule Superman wa siku zote, yuko palepale na mke wake Lois. Anayesemwa ni mtoto wao, Jon, ambaye naye anatumia jina la Superman. DC walitangaza Oktoba 2021 kwamba Jon anavutiwa na jinsia zote mbili, halafu Novemba kwenye Superman: Son of Kal-El namba 5 akabusiana na kijana mwenzake, Jay Nakamura. Watu walisoma vichwa vya habari tu wakaanza kuwaka, toleo lenyewe hata halijatoka.

Tim yupo tangu 1989, kapendana na Stephanie Brown miaka yote hiyo, leo anampenda Bernard. Si wanatufutia historia yetu?

Naelewa inavyouma, mi mwenyewe nilikuwa napenda sana Tim na Stephanie. Lakini hebu tuangalie kilichoandikwa, mtu anayevutiwa na jinsia zote mbili si kwamba alikuwa anadanganya alipompenda msichana, yale mapenzi yalikuwa ya kweli na matoleo yake yapo, hayajafutwa hata ukurasa mmoja. Na Bernard hajaokotwa njiani, ni rafiki yake wa shule toka matoleo ya miaka ya 2000, kwenye hadithi ya 2021 Tim anamwokoa kwanza, baadaye Bernard anamwomba watoke pamoja na Tim inabidi atulie ajiulize anataka nini. Kwangu mimi huyo ni Tim kabisa, yule dogo mpelelezi aliyegundua Batman ni nani kwa akili yake, safari hii anajipeleleza mwenyewe.

Si watunge tu mhusika mpya?

Wanatungwa, ila wengi hawanunuliwi, wanapotea. Halafu kuna kitu tunasahau: kuanzia 1954 komiki za Marekani zilikuwa na kanuni za maadili zilizokataza kabisa mambo haya, hadi 1989. Kwa hiyo wahusika wote wakubwa wa miaka ile waliandikwa mlango mmoja ukiwa umefungwa, mwandishi hakuwa na uchaguzi hata angetaka.

Kwa hiyo kila anayelalamika ni mbaguzi?

Hapana, na hili linanikera likisemwa. Iceman, yaani Bobby Drake wa X-Men wa Marvel, 2015 aliambiwa na mwenzake Jean Grey, aliyemsoma akilini, kwamba yeye ni shoga, na Bobby alipouliza labda anapenda wote, akajibiwa hapana. Hapo hata mashabiki mashoga walilalamika, kwa sababu mtu alinyang'anywa nafasi ya kujisemea. Jon naye, wengi walikuwa na kinyongo kabla hata ya Jay, kwa kuwa mtoto wa miaka 10 alipelekwa angani akarudi ana 17 na utoto wake wote tukaukosa, yale ya kwake na rafiki yake Damian, mtoto wa Batman, yakaishia hapo. Hayo ni malalamiko ya uandishi na yana haki yake. Kumtukana mchoraji kwa sababu ya busu ni kitu kingine kabisa.

Nianzie wapi kusoma ya Tim?

Batman: Urban Legends namba 4 hadi 6, kisha Tim Drake: Robin ya 2022, matoleo 10 tu. Soma halafu ndio uniandikie.