Ganzi ya jino na saratani ya matiti: tuliyoyapitia na dada

Ndugu, umeuliza kama kweli ganzi ya jino inazuia saratani, maana shangazi yako anapasuliwa titi mwezi ujao. Nusu ni kweli. Dada yangu alipasuliwa hapa Nairobi mwaka juzi, na swali hilo nililihangaikia sana.

Ganzi hiyo ni lidokeini. Utando wa seli una vijilango vya protini vya kupitishia sodiamu, potasiamu na kalsiamu. Lidokeini huziba vya sodiamu, neva zikanyamaza. Ndiyo maana ukitoka kung'olewa jino chai inakuchuruzika kidevuni huna habari. Seli za saratani ya matiti nazo huwa na vijilango hivyo, na maabara imeonyesha kwamba huvitumia kupenya na kusambaa.

India walijaribu kwa wanawake karibu 1,600. Nusu walidungwa ganzi kuzunguka uvimbe, dakika 7 hadi 10 kabla ya kisu. Matokeo yalitoka 2023: kufikia miaka 5, asilimia 86.6 ya waliodungwa walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, na 82.6 ya wenzao. Kwamba vijilango ndivyo vilivyoleta tofauti hiyo bado ni dhana, ila dhana yenye mashiko.

Tulimuuliza daktari. Akatabasamu, akasema ameusoma utafiti huo, akaandika kwa kalamu pembeni mwa faili. Dada akadungwa. Ni mzima, lakini alipata kemo (dawa za kuua seli za saratani) na mionzi pia, kwa hiyo ganzi siipi sifa zote.

Tatizo ni wauzaji. Mama alikuwa ameshauziwa matone ya "sumu ya nge", eti dawa ya saratani, kwa shilingi 6,000. Nge ana ukweli wake: klorotoksini, protini ya sumu yake, hung'ang'ania seli za saratani, na watafiti wameiunganisha na rangi inayong'aa ili daktari wa upasuaji auone uvimbe wa ubongo unakoishia. Lakini ile chupa yetu tuliisahau wazi dirishani, asubuhi tukakuta sisimizi wamepanga foleni. Maji ya sukari!

Na hata dawa halisi ya kuziba vijilango si ya kujaribia nyumbani, kwa sababu moyo nao unavitegemea kwa mapigo yake. Astemizoli, dawa ya mzio, huziba kijilango cha potasiamu kinachopatikana kwenye uvimbe mwingi, ila huziba na cha moyo. Nchini Marekani dawa hiyo iliondolewa sokoni 1999.

Muulizeni daktari wiki hii, msingoje asubuhi ya upasuaji, na mkamwonyeshe dawa zote za shangazi, hasa za moyo.