Punda mnene hapunguzwi kwa njaa

Huku Kayenze, mkoani Mwanza, na vijiji vingine vya kandokando ya Ziwa Victoria, wengi tulifuga punda kwa ajili ya madumu ya maji. Bomba likifika jirani, kazi ya punda inapungua, lakini kula kunabaki palepale. Punda jike wetu alinenepa kwa njia hiyo. Shingo ilijaa mafuta yakawa magumu, na nikimpapasa ubavuni sikuzipata mbavu. Kipimo hicho cha mkono ndicho ninachokiamini. Tumbo kubwa peke yake linadanganya, maana linaweza kuwa la nyasi, minyoo au mimba.

Ushauri utakaousikia kwanza ni kumfungia siku mbili tatu bila chakula. Tafadhali usifanye hivyo. Punda mnene akikosa chakula ghafla, mwili unayeyusha akiba yake ya mafuta kwa kasi na kuyamwaga kwenye damu, ini linazidiwa, na anaweza kufa ndani ya siku chache. Hatari hiyo ipo pia akisusa mwenyewe, kwa ugonjwa au kwa kutenganishwa na mwenzake. Kwa hiyo kama unao wawili waliozoeana, waache pamoja hata kama mmoja ndiye mnene. Punda mnene akisusa chakula, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Asili ya punda ni nchi kavu za kaskazini mashariki mwa Afrika, kwenye majani magumu yaliyotawanyika. Tumbo lake linataka kitu cha kutafuna karibu mchana kutwa, ila kisiwe na nguvu nyingi. Kwa hiyo acha kumpa pumba za mahindi, ugali uliobaki na maganda ya viazi. Mahali pake weka mabua ya mtama au ya mahindi, au majani makavu ya mpunga, ambayo baada ya mavuno hayakosekani wilaya za Magu na Misungwi. Badilisha kidogokidogo kwa wiki mbili au tatu. Kwa siku, punda huhitaji chakula kikavu cha takriban asilimia 1.3 hadi 1.8 ya uzito wake. Mwenye kilo 150 anatosheka na kilo 2 hadi 2.7 hivi.

Mabua matupu nayo hayatoshi, maana protini na madini ni kidogo. Mimi humwongezea konzi ya majani makavu ya karanga, jiwe la chumvi la mifugo na maji safi muda wote. Chochote chenye ukungu kitupe. Na lukina, ule mti wa malisho, hata kama mbuzi wako wanaifurahia, usimpe punda: inamnyonyoa manyoya ya shingo na mkia.

Mvua zikinyesha, ukoka wa ufukweni unachipua na kujaa sukari. Miezi hiyo ndiyo ninayoihofia zaidi, kwa sababu punda mnene akivimbiwa na sukari huumia ndani ya kwato. Utamwona anatembea kama anakanyaga miiba, anaegemea nyuma, na kwato zina joto. Mtoe malishoni saa chache tu, kisha arudi kwenye mabua yake. Ili asiyamalize upesi, yatie kwenye kipande cha wavu wa zamani wa kuvulia chenye matundu madogo, ukining'inize usawa wa kifua chake asije akanasa mguu. Atavuta jani mojamoja, na atashinda akitafuna.

Mpime kwa futi ya fundi cherehani, ukiizungusha nyuma ya miguu ya mbele, kila baada ya wiki mbili, na uandike. Namba ikishuka polepole, endelea hivyohivyo. Ikishuka kwa kasi, ongeza mabua. Mafuta ya shingoni usiyatumie kama kipimo, kwa sababu yakishakuwa magumu hubaki hata punda akikonda, na wapo waliomnyima chakula punda aliyekwishakonda kwa sababu tu shingo ilikuwa bado nene.