Maswali ya Wasomaji: Nyama za Paja Zinazouma Baada ya Mazoezi

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 23 na ni winga wa timu ya mtaa hapa Ujiji. Tangu mwaka jana nimeumia nyama za paja la kulia mara mbili, zote nikiwa katika mbio za kasi bila kuguswa na mtu. Kocha amenipa zoezi la kupiga magoti, mwenzangu akinishika vifundo vya miguu, nami nikijishusha mbele polepole. Siku mbili baada ya kuanza nilishindwa hata kuchuchumaa. Je, zoezi hili linanijenga au linanichana upya? Na mbona kunyoosha viungo kila siku hakukunisaidia?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Kocha wako amekupa zoezi sahihi, ila nina hofu kwamba mlianza na kipimo kikubwa mno.

Shika dumu la mawese la lita 20, kiwiko kikiwa kimekunjwa, kisha lishushe polepole lisimwagike. Msuli wa mbele ya mkono unarefuka, lakini haujalegea. Unaubeba mzigo huku ukirefuka. Ndivyo misuli ya nyuma ya paja inavyofanya kazi unapokimbia kwa kasi, kwa sababu muda mfupi kabla ya unyayo kugusa ardhi mguu huwa umerushwa mbele, na misuli hiyo, ikiwa imevutwa kwenye nyonga na kwenye goti pia, ndiyo inayoufungia breki. Wakimbiaji wengi huumia hapo, hasa kwenye msuli wa upande wa nje.

Kila uzi wa msuli umeundwa kwa vipande vidogo sana vilivyoungana kwa urefu, mfano wa pingili za muwa. Picha za ultrasaundi zinaonyesha kwamba baada ya wiki chache za zoezi hili mafungu ya nyuzi hizo huwa marefu zaidi. Kwa muda mrefu ilielezwa kwamba pingili mpya huongezeka, lakini vipimo vya karibuni vimeonyesha kuwa katika wiki tatu za mwanzo urefu hutokana zaidi na pingili zilizopo kurefuka. Pamoja na hayo, msuli hupata nguvu ukiwa umevutwa, yaani pale pale ulipokuwa ukikusaliti. Kunyoosha viungo hukuzoesha zaidi kustahimili mvuto, wala hakuufundishi msuli kufunga breki.

Katika utafiti uliofanywa Denmark na kuchapishwa mwaka 2011, wachezaji 942 wa timu 50 walifuatiliwa. Timu zilizofanya zoezi hili kwa wiki kumi zilipata majeraha 15 ya nyama za paja, na zile ambazo hazikulifanya zikapata 52. Nafuu ilikuwa kubwa zaidi kwa waliokwisha kuumia kabla, kama wewe.

Maumivu uliyoyapata, yanayokuja taratibu, yakaenea paja zima na kufikia kilele kati ya saa 24 na 72, ni ya msuli usiozoea kazi hiyo, na ukirudia kwa kipimo kile kile yatapungua sana. Lakini maumivu ya ghafla, kama uliyepigwa jiwe, yanayokaa mahali pamoja na kukufanya uchechemee, ni dalili ya kuchanika: acha mara moja na uende hospitali.

Anza upya hivi. Wiki ya kwanza fanya siku moja tu, seti mbili za mara tano. Wiki ya pili siku mbili, seti mbili za mara sita. Wiki ya tatu siku tatu, seti tatu za mara sita hadi nane. Weka gunia lililokunjwa chini ya magoti. Kiwiliwili na mapaja vibaki vimenyooka. Kiuno kikikunjika, mzigo unayakwepa mapaja. Pambana na mwanguko mpaka ushindwe, ndipo udake kwa mikono. Fanya baada ya mazoezi ya uwanjani, wala si siku moja kabla ya mechi.

SWALI: Habari za kazi, daktari. Mimi ni mwalimu wa michezo wilayani Kasulu. Wanafunzi wangu wakienda likizo, faida ya zoezi hili hudumu?

JIBU: Nzuri, Mwalimu. Nguvu hudumu kwa wiki kadhaa, lakini urefu wa nyuzi huanza kupungua ndani ya wiki mbili tu za kuacha, na hilo linanitia wasiwasi, kwa kuwa mwanafunzi hurudi akijiona imara na kukimbilia mbio za kasi siku ya kwanza. Bahati njema, kipimo cha kuulinda urefu huo ni kidogo: siku moja kwa wiki, seti mbili za mara nne. Kabla hawajafunga shule, mwonyeshe kila mmoja namna ya kumwelekeza ndugu yake wa nyumbani amshike vifundo vya miguu kwa uzito wote wa mwili, maana mshikaji akilegea mguu huinuka na zoezi huharibika.