Neno moja lilivyoninyima kazi ya kutafsiri

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, Kiingereza nakijua vizuri. Nianzeje kutafsiri kwa malipo?" Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili nikashindwa, maana hilo la "nakijua vizuri" limenigusa panapouma.

Mwaka jana nilipewa hadithi ya mwandishi wa Uingereza. Nilikuwa na miaka tisa kwenye kazi hii, na sikuwahi kurudishiwa hata ukurasa mmoja. Katikati ya hadithi mjane anafungua barua ya benki, na mwandishi anasema alikuwa "nonplussed". Neno hilo nililizoea kwenye tamthilia za Kimarekani: mtu anatukanwa, uso haubadiliki. Nikaandika, "Hakushtuka hata kidogo." Sentensi inayofuata mjane anajikalisha kwenye ngazi, barua imemponyoka. Nikadhani kachoka tu, nikaendelea.

Kazi ikarudi na mstari mmoja: "Mfasiri hajui Kiingereza." Sehemu iliyobaki akapewa mwingine, nami pesa ile nilishaipangia ada ya mwanangu.

Usiku huo ndipo nilipofungua kamusi. Neno limetoka kwenye Kilatini, non plus, yaani "hakuna zaidi". Waingereza walilichukua karne ya 16 kwa hali ya mtu aliyefika mahali hana tena la kusema wala la kufanya. Sisi tungesema kapigwa na butwaa, kaduwaa. Maana hiyo ilidumu peke yake muda mrefu, hadi karne ya 20, watu wa Marekani walipoanza kulitumia kinyume kabisa: mtu asiyetikisika. Naona ile "non" ya mwanzoni iliwafanya wasikie ukanushi. Leo kamusi kubwa zinaweka maana zote mbili, na ile mpya zinaeleza kuwa ni ya huko Marekani.

Kwa hiyo sikulitunga kosa lile. Nilijifunza neno upande mmoja wa bahari, nikalitumia kwa mwandishi wa upande wa pili. Mhariri angeniuliza swali moja tu tungeelewana. Hilo bado linaniuma.

Basi mdogo wangu, fungua kamusi. Lifungulie hasa neno unalolijua, maana usilolijua utalitafuta tu hata usipoambiwa. Angalia mwandishi ni wa wapi na aliandika lini. Soma sentensi inayofuata: neno likigombana na anachofanya mhusika, usimsingizie uchovu kama nilivyofanya mimi. Rudi kwenye kamusi. Vijana wengi mnataka kumaliza kurasa ishirini kwa siku, na mteja anafurahi, lakini mjane wa watu anageuka jiwe mbele ya wasomaji na hakuna anayejua kwa nini. Mwandishi alikukabidhi mtu wake. Mheshimu! Fungua kamusi.

Ukishatafsiri kurasa mbili za kwanza, nitumie pamoja na za Kiingereza. Nitazisoma.